Mwezi Kumi na Sita

Nilipokuwa mtoto kule Rufiji, mwezi ukifika kumi na sita chakula cha jioni kililiwa mapema. Sisemi tarehe ya kalenda ya ukutani. Nasema mwezi wa kuandama, ule ambao babu aliuhesabu kwa vidole tangu ulipoonekana mwembamba kama ukucha upande wa machweo. Mwezi ukishapata nguvu, mpaka siku ya kumi na tano, tulikula baada ya Isha, taratibu, kwenye mkeka uani, na sisi watoto tuliachwa tukimbizane mpaka vumbi litimke. Kumi na sita ikiingia, bibi aliinjika chungu cha wali alasiri. Adhana ya Magharibi ilitukuta ndani, komeo limepigwa, kinu kimeegemezwa mlangoni, na aliyebanwa na haja aliwekewa ndoo pembeni.

Nilimuuliza babu sababu. "Giza la mwanzo wa usiku limerudi, mjukuu wangu," alisema. "Na mwenyewe ana njaa."

Mwenyewe ni simba. Usiku hakutajwa jina.

Miaka mingi nilidhani huo ni mwiko tu wa wazee, kama ule wa kutopiga mluzi usiku au kutofagia nyumba jua likishazama. Sasa ni dereva wa watalii, huu ni mwaka wa kumi na moja, Arusha hadi Ngorongoro hadi Serengeti na kurudi, na kazi yangu ni kuwatazama wanaokula na wanaoliwa. Kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyomwelewa babu. Wageni wangu, na hata Watanzania wenzangu wa mjini, huamini kwamba simba anayabadilisha maisha ya mnyama siku anapomkamata. Mimi naamini kazi kubwa ya simba hufanyika siku ambazo hakukamata kitu.

Nianze na dungu, maana huko ndiko nilikojifunza.

Msimu wa mpunga kuiva, kati ya Machi na Mei, watu wazima hawakuwa na nafasi ya kujifungia ndani. Mpunga huamiwa. Mchana unaamia ndege, usiku unaamia nguruwe pori, na asiyeamia havuni. Babu alikuwa na dungu katikati ya shamba: nguzo nne za miti, sakafu ya fito iliyopita kichwa cha mtu mzima, paa la nyasi, na ngazi ambayo ukishapanda unaivuta juu. Kutoka dunguni kamba ilipita juu ya mpunga hadi kwenye mti wa mbali palipotundikwa madebe mawili yenye mawe ndani. Nguruwe wakiingia unavuta kamba, madebe yanalia upande wa pili, nguruwe wanatimka.

Usiku mmoja, nikiwa na miaka tisa, nililala naye huko. Ulikuwa mwezi kumi na saba. Bibi alikataa, babu akasema mpunga hausubiri. Nguruwe walikuja mapema. Hatukuwaona, tuliwasikia: mabua yakikatika, midomo ikilamba, karibu kiasi cha kuweza kumtofautisha mkubwa na mdogo. Babu alivuta kamba, wakakimbia, baada ya muda wakarudi. Aliposhika kamba mara ya pili hakuivuta. Kutafuna kulikuwa kumekoma kwenyewe. Hakukuwa na kishindo cha kukimbia, hakuna bua lililovunjika, na vyura wa upande wa mfereji nao walikuwa wamenyamaza. Babu aliniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka tumbaku na mafuta ya taa. Tulikaa hivyo mpaka mwezi ulipochomoza na kupanda juu ya miembe, hadi nguruwe mmoja, labda aliyekuwa na moyo kuliko wenzake, akakata bua. Ndipo babu akaniachia.

Asubuhi tulikuta nyayo kwenye tope la tuta, usawa wa pale ngazi inapofikia chini. Babu alichuchumaa, akaweka kiganja ndani ya unyayo mmoja bila kuugusa ukingo wake. "Alisimama hapa," akasema. "Naye alikuwa anasikiliza."

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba babu hakuwa akiwasikiliza nguruwe ili awafukuze tu. Usiku wa giza nguruwe walikuwa masikio yake. Walikuwa wezi wa mpunga wake na walinzi wa uhai wake kwa wakati mmoja, na aliyewapa kazi hiyo ya pili ni simba.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kuhusu jambo lile lile ambalo bibi alilipikia mapema. Uliongozwa na Craig Packer, Mmarekani aliyewafuatilia simba wa Serengeti kwa zaidi ya miaka 30, na miongoni mwa wenzake alikuwa Dennis Ikanda, mtafiti wa hapa kwetu. Walichukua kumbukumbu za watu walioshambuliwa na simba Tanzania kati ya 1988 na 2009, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wa kusini na mashariki ya nchi, Rufiji na Lindi zikiwemo. Walioshambuliwa usiku, wengi walishambuliwa kati ya jua kuzama na saa nne. Na katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu hatari ilikuwa mara mbili hadi nne ya ile ya siku kumi zinazoutangulia.

Sababu ni rahisi ukiijua. Mpaka siku ya kumi na tano mwezi huwa tayari uko juu wakati jua linazama, kwa hiyo hakuna giza kati ya jua na mwezi. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku. Kumi na sita unaacha kipande kidogo cha giza, kumi na nane unaacha saa mbili au tatu, na hizo ndizo saa ambazo watu bado wako nje wanapika, wanaoga, wanakwenda chooni, wanarudi kutoka kwa jirani. Simba naye katoka kwenye siku za mbalamwezi ambazo mawindo yanamwona kabla hajasogea. Watafiti walilinganisha rekodi za ukubwa wa matumbo ya simba wa Serengeti, na siku za mwangaza mkubwa simba hawakuwa wameshiba kama siku za giza. Giza linaporudi, linamkuta mwenyewe ana njaa.

Nilisoma hayo kwenye simu, nimeegesha gari Seronera, katikati ya Serengeti, nikiwasubiri wageni wamalize chakula cha mchana. Babu alikuwa ameshafariki. Nililia pale pale nikiwa nimeshika usukani, kwa sababu nilikuwa nimewahi kumwambia, nikiwa kidato cha pili, kwamba mambo ya mwezi ni ushirikina.

Sasa nikupeleke Ndutu, Februari, kwenye majani mafupi ya kusini mwa Serengeti. Nyumbu zaidi ya milioni moja wako hapo au wanakaribia, na majike wanazaa. Karibu wote, kama asilimia 80, huzaa ndani ya wiki tatu hivi. Ndama huanguka chini akiwa amelowa, anatikisa masikio, anasimama, anaanguka, anasimama tena, na mara nyingi dakika kumi hazijafika anakimbia ubavuni mwa mama yake. Fisi wapo, simba wapo, mbweha wapo, na wanakula. Lakini tumbo la fisi lina mwisho. Ndama laki kadhaa wakizaliwa kwa pamoja, wengi wao wanapita fisi akiwa ameshiba na amelala kwenye dimbwi la tope. Anayezaliwa mwezi mmoja kabla au baada ya wenzake anakuwa peke yake mbele ya macho yote yale. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, waliobaki ni watoto wa waliozaa pamoja.

Na fisi naye hakubaki alivyokuwa. Nyumbu huhama, fisi ana pango na watoto na eneo la ukoo wake. Akikaa, anakufa njaa. Akihama, anawapoteza watoto. Fisi wa Serengeti wamepata njia ya tatu: mama anawaacha watoto pangoni, anakwenda kilomita 40 na zaidi hadi mahali nyumbu walipo, anakula, anarudi siku kadhaa baadaye kunyonyesha. Maziwa yake ni mazito sana kwa mafuta na protini, na watoto hunyonya zaidi ya mwaka mmoja, maana wanapaswa kuvumilia siku za kumsubiri. Ukikutana na fisi mmoja alfajiri anatembea kwa mwendo wa kati, kichwa chini, hatazami kushoto wala kulia, ujue ni mama anayerudi nyumbani. Naomba wageni wangu wasimcheke huyo. Mwendo wake ule umetengenezwa na kwato za nyumbu.

Kuna jambo lingine ambalo sichoki kulionesha. Duma amelala kwenye kichuguu, tumbo limebonyea. Swala tomi kumi na tano hivi wanamwona. Mgeni anategemea watakimbia. Badala yake wanamsogelea: wanapiga hatua, wanasimama, wanakoroma kwa pua, wanapiga hatua tena, wote nyuso kwake, na akiinuka kwenda mbele wanamfuata kwa umbali ule ule. Baada ya robo saa duma anaondoka kutafuta bonde jingine. Wageni hudhani swala ni wapumbavu. Kumbe duma mbio zake ni fupi, na mtaji wake ni kuwa karibu kabla hajaonekana. Akishaonekana na kundi zima, mtaji umeisha. Swala anayemkazia macho anamwambia hivyo, na duma anaelewa.

Kule Okavango, Botswana, watafiti waliyachukua mawazo hayo wakayapeleka kwenye ng'ombe. Walichora macho mawili makubwa kwenye makalio ya baadhi ya ng'ombe, wengine wakawachora misalaba, wengine wakawaacha. Matokeo yalitoka 2020. Ng'ombe 683 waliochorwa macho, hakuna hata mmoja aliyeuawa na simba wala chui. Ambao hawakuchorwa kitu walikuwa 835, wakafa 15. Wa misalaba walikuwa 543, wakafa 4. Mwindaji wa kuvizia akidhani ameonekana, moyo wa kuendelea unakatika.

Swala tomi pia huruka juu, miguu minne imekakamaa kama vijiti, mgongo umepinda, mkia umesimama, wakati mbwa mwitu wanawafukuza. Unamwona mnyama anatumia nguvu kwenda juu badala ya kwenda mbele na unajiuliza akili iko wapi. Clare FitzGibbon na John Fanshawe walichapisha mwaka 1988, kutokana na kazi waliyoifanya Tanzania, kwamba mbwa mwitu huwachagua swala wanaoruka mara chache na kuwaacha wanaoruka sana. Kuruka ni kuonesha afya. Aliyechoka hawezi kuigiza, kwa hiyo mbwa anaamini anachokiona na hapotezi pumzi yake.

Wakimbizi hawa hata kukimbia kwao si kama tunavyodhani. Wapimaji waliowafunga simba, pundamilia, duma na swala pala wa Botswana kola za kupima mwendo, na kuchapisha mwaka 2018, walikuta wawindaji wana misuli yenye nguvu kwa asilimia 20 zaidi, wanachanganya mbio kwa asilimia 37 zaidi na wanafunga breki kwa asilimia 72 zaidi ya wanaowindwa. Swala akikimbia kwa nguvu zote, moja kwa moja, ameshakufa. Anachopaswa kufanya ni kubaki na mwendo wa kiasi ili aweze kukata kona dakika ya mwisho, mahali ambapo mwindaji hakutarajia. Mimi sijui mpira sana, lakini waliocheza winga wanalijua hilo.

Haya yote bado ni mambo ya kuonana na kufukuzana. Kilichonitikisa zaidi ni pale nilipoona kwamba hofu inabaki ardhini hata wenyewe wakishaondoka.

Dereva mwenzangu, Mmaasai wa Ngorongoro aliyenizidi umri, ndiye aliyenifumbua macho. Tulikuwa tumeegesha mahali pa juu tukiangalia tambarare mwezi Agosti, majani yamekauka yote rangi ya ngano, isipokuwa duara moja la kijani lenye swala wengi ndani yake. Nikamwambia, "Kaka, pale patakuwa na chemchemi." Akacheka. "Pale ni kwetu. Babu yangu alikuwa na boma pale." Tukashuka. Hakuna nguzo iliyobaki, hakuna mwiba. Kulikuwa na ukoka umefunika chini kama zulia, mfupi, umekatwakatwa na meno, na mavi ya swala kila mahali. Akachimba kwa ncha ya sime, udongo ukatoka mweusi na mwepesi, na hatua kumi nje ya duara akachimba tena ukatoka wa kijivu na mgumu.

Fikiria jambo hilo. Ng'ombe hulala bomani kwa sababu gani? Malisho yako nje, maji yako nje. Wanaletwa ndani ya miiba kila jioni kwa sababu ya simba na fisi. Wanakula nchi nzima mchana na kuja kuiacha kwenye duara moja usiku, miaka na miaka. Boma likihamishwa, samadi inabaki. Baada ya muda panaota majani yenye lishe kuliko mahali pote jirani, na swala wanakuja kwa lishe hiyo na kwa sababu ya pili pia: pako wazi, chui hana pa kujificha. Wakikaa wanaongeza mavi yao, wakila hawaachi vichaka vikue, na duara linajilinda. Huko Narok, Kenya, watafiti walichimba maboma ya wafugaji wa kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, mengine zaidi ya 3,000, na walipochapisha kazi yao mwaka 2018 walieleza kwamba udongo wake bado una rutuba kuliko wa pembeni. Waliolala humo hatujui hata lugha yao. Hofu yao ya simba bado inaota majani.

Laikipia, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Adam Ford na wenzake walikwenda mbele zaidi na kutuambia, mwaka 2014, kwamba hofu inachagua hata miti. Swala pala hupenda kula migunga yenye miiba michache. Lakini wanaogopa vichaka vizito, walipo chui na mbwa mwitu, kwa hiyo wanakaa pawazi. Pawazi wanaimaliza migunga laini, inabaki yenye miiba mikali. Vichakani, ambako swala hathubutu, mgunga laini unastawi kwa amani. Watafiti walikata miiba kwenye matawi ya mti mkali, na swala wakayala vizuri; ni kweli miiba ndiyo iliyokuwa ikiuokoa. Basi kila mti una mlinzi wake, mmoja una miiba, mwingine una chui.

Na mnyororo huo unakatika mahali usipopategemea. Ol Pejeta, huko huko Laikipia, kuna migunga yenye vifundo ambavyo hupiga mluzi upepo ukivuma, na ndani ya vifundo huishi sisimizi wanaomuuma tembo puani akija kuuvunja mti. Wakaingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua wale wenyeji. Tembo wakaivunja miti, nchi ikawa wazi, simba wakakosa pa kuvizia pundamilia. Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walionesha mwaka 2024 kwamba kati ya 2003 na 2020 pundamilia walishuka kutoka asilimia 67 hadi 42 ya mawindo ya simba, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo, wakafika asilimia 42. Nyati si mchezo, simba hufa akimwinda. Sisimizi asiyezidi chembe ya mchele amembadilishia simba chakula na hatari ya kukipata.

Sisi watu tuko wapi katika haya? Tuko katikati, tena pande zote mbili.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la Kruger, Afrika Kusini. Kwenye visima vya maji vya wanyama waliweka vipaza sauti, vikicheza mara sauti za simba, mara sauti za watu wanaozungumza kawaida tu, bila kelele. Asilimia 95 ya aina za wanyama walikimbia zaidi au kuondoka majini haraka zaidi kwa sauti za watu kuliko za simba. Twiga, fisi, chui, tembo. Amboseli nako, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014, tembo walichezewa sauti za watu wakisema kwamba kundi la tembo linakuja, mara kwa Kimaasai, mara kwa Kikamba. Waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao ndio hukabiliana nao kwa mikuki, walijikusanya na kurudi nyuma zaidi kuliko walipowasikia Wakamba. Na sauti za wanawake na za wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha vile. Mnyama amejifunza lugha yetu kwa sababu ya hofu. Mimi nimejifunza ukimya wa nguruwe kwa sababu hiyo hiyo, pale dunguni.

Wanyama pia wanatukimbia kwa saa. Ukusanyaji mmoja wa tafiti nyingi, wa mwaka 2018, uliohusisha aina 62 za mamalia kutoka mabara sita, ulionesha kwamba mahali penye watu wanyama wanahamishia shughuli zao usiku. Hapo ndipo nilipowafikiria nguruwe wa babu.

Mwaka 2005 Packer, Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walikuwa wamekwisha kuonesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini, na kwamba mahali pa hatari ni pale ambapo mawindo mengine ya simba ni machache na nguruwe pori ni wengi, na wakati wa hatari ni mavuno. Mimi nimeishi humo. Swala na pofu tuliwamaliza kwa mashamba na mitego ya nyaya. Nguruwe alibaki, maana anastawi kwa mazao yetu, na kwetu nguruwe haliwi, kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa bidii. Mchana anatuogopa, anakuja usiku. Simba anamfuata nguruwe. Mtu anamfuata nguruwe kwa debe na kamba. Wote watatu tunakutana kwenye mpunga, gizani, kila mmoja akiwa ameletwa hapo na hofu au njaa ya mwenzake.

Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji kabla hajapigwa risasi Aprili 2004. Alikutwa na jipu kubwa chini ya jino lililopasuka. Wakati ule watu walisema ni simba mtu, ametumwa. Sikubaliani nao, lakini nataka msomaji aelewe usemi huo ulitoka wapi. Simba aliyekuwa akiruka nyumba hii na kwenda ile, akibadilisha kijiji kila watu wanapokesha, alikuwa anajifunza tabia za watu kwa kasi ile ile ambayo watu walikuwa wanajifunza zake. Mtu akiona akili ya namna hiyo usiku, atasema kuna mtu ndani yake.

Jirani yetu, mama wa watoto watatu, alichukuliwa akitoka chooni. Ulikuwa mwezi kumi na nane. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini na kitu, ukuta wa makuti. Baadaye ofisa mmoja alikuja kutukusanya chini ya mwembe, akatuambia tuache kulala mashambani. Bibi alimuuliza kwa heshima, "Mwanangu, na mpunga utaamiwa na nani?" Hakujibu, na lile swali mpaka leo linaniuma, maana mpunga ule ndio uliokuwa ada yangu ya shule.

Watalii hunipa bakshishi nzuri siku wakimwona simba kwa karibu. Kwa miaka mitatu fedha hizo nimeziweka kando, na mwaka huu, baada ya Ramadhani, nimejenga choo cha matofali nyumbani kwa bibi. Nilikipima mwenyewe: hatua sita kutoka mlango wa nyuma, bati juu, taa ya sola mlangoni. Bibi sasa hatembei bila mkongojo. Alitoka uani, akasimama kwenye kizingiti, akaanza kuhesabu hatua zake, si zangu.

"Kumi na moja, mume wangu," akaniambia. "Nyingi."

Fundi alikuwa hajafunga vifaa vyake. Tulianza kupima ukuta wa kukiunganisha na nyumba siku hiyo hiyo, kabla ya Magharibi.